Yukata ya Serah

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Haifa aliandika herufi kumi za Kijapani. Alikaa kwenye meza ya jikoni, akafungua daftari lake la vijisanduku, na kila herufi akaiandika mara ishirini, mstari wa juu kwanza, wa chini baadaye, kama alivyofundishwa. Ndege zinazoshuka Heathrow zilipita juu ya paa moja baada ya nyingine mpaka vikombe vikagongana kabatini, lakini mkono wake haukuyumba. Mama yake alikuwa amekwishatoka tangu alfajiri kwenda zamu yake ya uwanja wa ndege. Aliyebaki nyumbani ni bibi yake, Bi Mardhiya, aliyekuwa akichemsha chai ya mdalasini na kupasha moto chapati za jana.

“Mke mwenzangu,” Bibi alimtania, “huyo Mchina wako atakungoja. Chai haingoji.”

“Mjapani, Bibi.”

“Haya, Mjapani. Naye pia hapendi chai baridi.”

Haifa alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Alikuwa mwaka wa kumi na mbili, ambao ni sawa na kidato cha tano cha Zanzibar, mwaka ambao wanafunzi wa London huchagua masomo matatu tu ya kuendelea nayo. Yeye alichagua Hisabati, Historia na Kijapani. Jamaa wa Pemba walipopata habari hiyo kwenye simu walicheka sana, wakauliza kama Kiarabu kimekwisha. Haifa hakujali. Alipenda lugha ile kama wengine wanavyopenda mpira.

Darasa la Kijapani la shule yao pale Hounslow lilikuwa na wanafunzi wanne. Alikuwamo Haifa, na Serah ambaye wazazi wake ni Wakenya, na Emérence aliyezaliwa Kongo, na Praful ambaye babu yake alikulia Kisumu. Mwalimu wao aliitwa Bibi Morita, lakini wote walimwita Sensei, yaani mwalimu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa wakati mwanafunzi amesimama.

Mwaka huo shule rafiki ya huko Japani ilikuwa imeahidi kumpokea mwanafunzi mmoja kwa wiki mbili za kiangazi. Mmoja tu. Angechaguliwa kwa hotuba, Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, mbele ya wageni saba wa Kijapani waishio London. Haifa aliitamani safari hiyo kiasi kwamba alikwisha kujua saa za treni za mji ule kabla hajawahi kuuona.

Mada yake aliipata mapema. Wajapani wana kitambaa cha mraba kiitwacho furoshiki, ambacho hufungia vitu vya kila namna, zawadi, chakula, hata vitabu. Haifa alimwona Bibi akifunga nguo kwenye kanga, akacheka peke yake. Alichora mafundo ya kanga na mafundo ya furoshiki kurasa tatu nzima, ubavu kwa ubavu. Kisha, kwa kuwa Serah alikuwa rafiki yake tangu mwaka wa saba, na chipsi zao walizila kutoka pakiti moja, alimwonyesha daftari lile wakiwa kwenye kituo cha basi. Serah alilitazama kwa muda mrefu, akasema ni wazo zuri sana.

Siku ya tatu Sensei alibandika karatasi mlangoni. Kila mtu aandike mada yake, na mada isirudiwe. Haifa alipofika baada ya kipindi cha Hisabati, alikuta mstari wa kwanza umejazwa kwa mwandiko wa Serah: Leso na furoshiki. Leso ndilo jina la kanga kwao Kenya.

Alimfuata kwenye makabati ya vitabu. Serah alikuwa akichana nywele zake mbele ya kioo kidogo, na hakugeuka.

“Ile ni mada yangu,” Haifa alisema.

“Yako? Leso hata kwetu ziko. Ama nyanyako alizinunua zote?”

“Nilikuonyesha daftari langu, Serah.”

“Ulinionyesha, ndiyo. Hukusema ni siri.” Serah akafunga kabati lake. “Wewe una akili, utapata nyingine. Andika kuhusu treni. Si unazipenda treni?”

Wasichana wawili waliokuwa karibu walicheka. Haifa akageuka, akaondoka. Angeweza kwenda kwa Sensei wakati uleule na kurasa zake tatu mkononi, zenye tarehe juu. Mlango wa Sensei ulikuwa hatua kumi na mbili tu. Lakini kusema kungemaliza jambo upesi mno, na Haifa hakutaka liishe upesi. Alitaka Serah aumie kama alivyoumia yeye, na aumie mbele za watu.

Tangu siku hiyo alilala na kuamka na jambo moja. Aliandika jina lake kwenye mstari wa pili, akaweka mada ya treni za London, akamwambia Serah kwa tabasamu kwamba hana neno. Serah alifurahi, akamkumbatia. Haifa alikaa ndani ya kumbatio lile akiwa mgumu kama ubao, akihesabu siku zilizobaki. Zilikuwa kumi na tisa.

Nafasi ikaja yenyewe. Alhamisi moja Sensei alileta mavazi manne yaliyokunjwa vizuri, yaitwayo yukata. Ni vazi jepesi la pamba, refu kama kanzu, lililo wazi mbele, ambalo hufungwa kiunoni kwa mkanda mpana. Siku ya hotuba kila mmoja angevaa lake. Sensei alieleza polepole, akarudia mara mbili. Upande wa kulia hulala mwilini kwanza. Upande wa kushoto ndio unaopita juu. Mwanamume, mwanamke, mtoto, wote ni hivyohivyo.

Praful aliuliza itakuwaje mtu akikosea. Uso wa Sensei ukabadilika kidogo.

“Kulia juu ya kushoto huvikwa maiti,” alisema. “Tunamvika hivyo mtu aliyekufa, kabla ya kumsindikiza. Aliye hai havai hivyo kamwe. Tafadhali msisahau.”

Serah hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno kurekebisha nyaya zake. Sensei akamgeukia Haifa, kwa kuwa yeye na Serah ndio waliopangwa kuvishana, akamwomba amfundishe mwenzake. Haifa akainamisha kichwa na kuitikia vizuri, kwa Kijapani fasaha.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa shule ulipangwa viti, na mbele wakakaa wale wageni saba. Bibi alikuja na baibui lake jipya, amebeba kibati cha kashata, akakaa kando ya mgeni mmoja mzee, mwanamke wa Kijapani mwenye fimbo, jina lake Bibi Okada. Wazee wale hawakuwa na neno moja la pamoja, lakini kabla hotuba hazijaanza walikuwa wamekwisha kula kashata mbili mbili na kuonyeshana miguu inayowauma. Mstari wa nyuma alikaa mama yake Serah, muuguzi, aliyetoka kazini moja kwa moja akiwa bado na viatu vyake vya wodini.

Katika chumba cha kuvalia walibaki Haifa na Serah peke yao. Emérence alikuwa amekwishatoka kuhutubu. Sensei alikuwa ukumbini akiwahudumia wageni. Serah alinyoosha mikono, na Haifa akamvika yukata ya samawati yenye maua meupe. Upande wa kushoto akaulaza kwanza. Wa kulia akaupitisha juu.

“Si kwenye picha huwa ni huku kwingine?” Serah aliuliza.

“Hiyo ni ya wanaume,” Haifa akajibu, wala sauti haikumkwama.

Serah alijitazama kiooni, akajigeuza, akafurahi. Kwa nukta moja, alipomwona mwenzake alivyopendeza, mkono wa Haifa ulisita kwenye mkanda. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kufungua na kufunga upya.

“Nawe na treni zako,” Serah alisema akicheka, “usisahau kuwaambia wachunge milango, kama vipaza sauti vya stesheni.”

Haifa akauvuta mkanda ukabana, akapiga fundo.

Serah alipanda jukwaani akiwa ameinua kichwa. Haifa alisimama pembeni, nyuma ya pazia, mahali ambapo angeona kila uso. Alikuwa amelingoja jambo hilo siku kumi na tisa. Aliona Bibi Okada akiweka kiganja mdomoni. Aliona mgeni wa katikati, mzee mwenye miwani, akitazama chini kama mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba asichotakiwa kukiona. Serah aliinama, akaanza. Sentensi mbili za mwanzo zilitoka vizuri. Ya tatu akawatazama watu, akaona nyuso zao, akajikagua mikono, akajikagua miguu, asijue kosa liko wapi. Sauti ikapungua, kisha ikakatika.

Haifa aliionja ladha ya kisasi, na kweli ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kwa muda wa pumzi tatu.

Sensei akainuka. Alipanda jukwaani kwa hatua ndogo za haraka, akavua sweta yake, akamfunika Serah kifuani, akamtoa nje kwa upole. Kisha akarudi peke yake. Alisimama mbele ya wale wageni saba, akaweka mikono mapajani, akainama mpaka mgongo ukawa kama meza. Alizungumza Kijapani. Bibi hakuelewa, wala mama yake Serah, lakini Haifa aliyeandika herufi kumi kila asubuhi alielewa kila neno. Sensei alisema mtoto yule hana kosa. Kosa ni la mwalimu, ambaye hakuwapo mwanafunzi wake alipokuwa akivishwa. Alisema ameona aibu, na anaomba radhi. Akainama tena. Hakuinuka upesi, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Haifa alikuwa amemlenga Serah. Jiwe lilikuwa limempata mtu mwingine, mtu ambaye hakuwahi kumkosea hata kwa jicho.

Praful akahutubu. Kisha likaitwa jina la Haifa. Angesema nini? Alijua hotuba yake kwa moyo, na mdomo ukaitoa yote bila yeye, treni, vituo, saa, bila kosa hata moja. Wageni wakapiga makofi. Baada ya nusu saa yule mzee mwenye miwani akasimama akamtaja mshindi. Alikuwa Haifa.

Mama yake Serah ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia. Alimshika mikono yote miwili. “Hongera, mama. Na asante kwa kumsaidia Serah wangu kuvaa. Hata sielewi kulitokea nini pale. Amejifungia, anakataa kutoka.”

Haifa aliangalia viatu vile vya wodini.

Walipanda basi la kurudi nyumbani, Bibi kiti cha dirishani, kibati kitupu mapajani. Vilipita vituo viwili, Bibi akitazama nje. Kisha akauliza, bila kugeuka, ni nani aliyemvika yule binti.

Haifa alijibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea anapotaka maneno yampite Bibi.

“Nimeuliza Kiswahili,” Bibi alisema. “Yule mzee mwenzangu wa fimbo aliniambia, bila maneno. Alifunga macho, akaviweka viganja kifuani hivi, kimoja juu ya kingine, halafu akaonyesha nguo ya yule mtoto. Mimi miaka kumi na tisa nakosha maiti wa kike pale msikitini. Nimevika sanda watoto, nimevika wazee. Sijapata kumvika mtu anayepumua. Wewe umemvika rafiki yako?”

Hapo Haifa akasema yote, kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama. Alisema habari za daftari na kituo cha basi na makabati. Alisema Serah ndiye aliyeanza, ndiye mwizi, na wala hakuomba radhi. Alisema kwa hasira, sauti juu, mpaka abiria wa mbele akageuka.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. “Alikuibia. Sikatai,” akasema. “Ungekwenda kwa mwalimu wako, ukasema. Mdomo unao, tena wa lugha tatu.” Akabonyeza kitufe chekundu, kengele ikalia. “Tunashuka.”

“Nyumbani bado, Bibi.”

“Hatwendi nyumbani.”

Walivuka barabara, wakangoja basi la upande wa pili dakika kumi na moja, mvua nyembamba ikiwapiga. Walipofika shuleni ukumbi ulikuwa umekwisha kupangwa upya. Sensei alikuwa chumba cha kuvalia, amepiga magoti akizikunja yukata. Serah alikaa kwenye kona, macho yamevimba, mama yake kando yake.

Haifa alisimama mlangoni. Alitaka kuanza na mada iliyoibwa, maana ndipo alipokuwa na haki. Lakini alipomwona Sensei magotini, maneno yale hayakutoka. Alisema kwamba alijua. Alisema alielewa tangu Alhamisi ile ni nani huvikwa kulia juu ya kushoto, na kwamba alifanya makusudi. Alisema safari haitaki tena, apewe mwingine.

Mama yake Serah alisimama, akakaa tena. Sensei aliweka chini yukata aliyoishika.

“Kwa nini?” aliuliza.

Aliyejibu ni Serah, kutoka kwenye kona yake, sauti imekauka. “Kwa sababu mada ilikuwa yake. Nilichukua kwa daftari yake. Nilijua ni yake.”

Mama yake akamgeukia polepole. Hakusema kitu mbele za watu, lakini Serah aliinamisha uso wake, akajua kwamba nyumbani yatasemwa.

Sensei hakupiga kelele, wala hakuwaambia wapatane papo hapo. Safari ilikwenda kwa Emérence, aliyekuwa amehutubu vizuri kuhusu baba yake fundi wa saa, na hakuna aliyenung'unika. Serah aliambiwa aandike hotuba mpya, kwa mada yake mwenyewe, aje kuisoma mbele ya darasa. Haifa aliambiwa aandike barua saba za radhi, moja kwa kila mgeni, kwa mkono, kwa kalamu ya wino. Herufi moja ikikosewa, karatasi inatupwa, anaanza upya.

Kazi ile ilimchukua siku tisa. Aliandika jikoni asubuhi, aliandika jioni alipotoka shule, na kapu la takataka likajaa karatasi. Barua ya Bibi Okada pekee aliirudia mara kumi na nne. Mama yake, alipokuja kutoka kazini na kumkuta ameinama, alimpapasa kichwa tu akapita, kwa kuwa alikwisha kuambiwa yote. Jumapili ya pili barua ya saba ikakamilika. Bibi akaomba asomewe. Haifa akaisoma kwa Kijapani, kisha akaitafsiri neno kwa neno, na alipofika mahali pa kutaja kosa lake, Bibi akamwambia aendelee, asilimeze.

Alipomaliza, Bibi aliweka kijiko chini.

“Sikiliza, mjukuu wangu,” alisema. “Siku ile mlangoni kwa mwalimu, wewe ulikuwa na haki na yule binti alikuwa na kosa. Ungesema, kila mtu angeliona. Ukanyamaza, ukapanga, na kosa likahama kwake likaja kwako. Mwalimu wako akainama, mama wa watu akafadhaika, na mwizi akawa ndiye wa kuhurumiwa. Kisasi ndicho kinachofanya hivyo. Humsafisha aliyekukosea, kikakuchafua wewe. Ukikosewa, sema mchana, mbele ya mwenyewe na mbele ya mwenye kuamua. Halafu ulale.”

Haifa aliziweka barua saba kwenye bahasha zake, akazipanga vizuri pembeni. Bibi alidhani kazi imekwisha, akanyanyuka kwenda kutia maji kwenye birika.

Aliporudi alimkuta Haifa ametoa karatasi ya nane, ambayo hakuna aliyemwagiza. Aliinyoosha kwa kiganja, akashika kalamu, na juu kabisa akaandika jina la Serah.